Ripoti ya Saa Moja Jioni: Tathmini ya Huduma ya Wanauchumi wa Kilimo, Kutoka Duka la Nafaka Kongowea

Mara moja kila mwezi, baina ya Magharibi na Isha, mimi hulifunga daftari la mauzo, huvuta kiti karibu na mizani na kuishika simu kungojea saa moja kamili. Saa moja ya jioni hapa Mombasa ni saa sita ya mchana jijini Washington, na ndiyo dakika ambayo Wizara ya Kilimo ya Marekani huitoa ripoti yake ya makadirio ya ugavi na mahitaji ya mazao duniani, inayojulikana na wafanyabiashara wa nafaka kila mahali kwa kifupi chake, WASDE. Katika miezi ambayo wenzetu wamezirudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, hutufikia saa mbili usiku, Isha imeshaswaliwa. Haina ada wala haiombi nambari ya siri, na mwenye bando dogo la intaneti huisoma sawasawa na mkurugenzi wa kampuni inayokodi meli.

Tumezoea kuandika tathmini za mikahawa, hoteli na simu. Nimeona niandike ya huduma hii kwa sababu duka letu limeitegemea tangu katikati ya mwaka 2022, na kwa sababu nimechoka kuisikia ikitajwa visivyo, ama kama utabiri wa bei ya unga, ama kama siri ya matajiri, ilhali iko wazi kwa kila mtu. Hukumu yangu naitoa mapema: sijapata kutumia huduma bora kuliko hii katika biashara ya nafaka, na ubora wake hautokani na kupatia, maana hukosea mara nyingi. Ubora wake ni kwamba hutoa hesabu siku iliyotangazwa, huitoa kwa watu wote kwa pamoja, kisha huandika waziwazi imekuwa ikikosea kwa kiasi gani.

Ripoti ina kurasa 40 hivi. Za mwanzo ni maelezo ya maneno, na zinazofuata ni majedwali ya ngano, mahindi, mchele, soya na mbegu nyingine za mafuta, sukari, pamba, nyama na maziwa. Kila jedwali limepangwa kama hesabu ya ghala: akiba iliyobaki msimu uliopita, mavuno, kilichoagizwa kutoka nje, kilicholiwa na watu na mifugo, kilichouzwa nje, na chini kabisa akiba itakayobaki msimu ukiisha. Mwenye duka yeyote anaijua hesabu hiyo kwa moyo, tofauti ni kwamba ghala lenyewe hapa ni dunia nzima. Mimi huanza kusoma mstari wa chini, kwa sababu akiba ikiwa nyembamba mbele ya matumizi, fununu ndogo tu ya ukame huirusha bei, na ikiwa nene, fununu hiyohiyo hupita bila mtu kushtuka. Toleo la Mei ndilo ninalolisoma kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndilo la kwanza kutoa hesabu kamili ya msimu unaofuata, wakati huku kwetu masika yanaendelea na mahindi ya Kwale na Kilifi bado ni machanga.

Namna inavyotengenezwa ndiyo iliyonifanya niiamini. Nambari zake hazitoki kwa mtu mmoja. Kwa kila zao ipo kamati inayokutanisha wachambuzi wa ofisi mbalimbali za wizara: bodi ya matazamio ya kilimo duniani, iliyo chini ya ofisi ya Mwanauchumi Mkuu na ndiyo inayoongoza kikao, idara ya kilimo cha nje, yenye maofisa katika balozi za Marekani, ule wa Nairobi ukiwemo, idara ya utafiti wa uchumi, idara inayoendesha programu za wakulima, na ile ya masoko. Kila mmoja huja na hesabu yake, nao hubishana mstari kwa mstari hadi ibaki nambari moja ambayo wizara nzima itaitumia. Siku ya kutolewa hufungiwa ndani ya sehemu ya jengo yenye mlinzi mlangoni, simu zikaachwa nje, mawasiliano yakakatwa na mapazia ya madirisha yakafungwa, na aliyeingia hatoki mpaka saa itimie. Hata waziri huelezwa matokeo humohumo ndani, muda mfupi tu kabla ya ulimwengu mzima kuyaona.

Ukali huo umezaliwa na aibu. Mwaka 1905 iligundulika kwamba ofisa wa takwimu wa wizara hiyo, Edwin Holmes, alikuwa akiwapenyezea walanguzi makadirio ya zao la pamba kabla hayajatangazwa, na inasimuliwa hadi leo kwamba alitumia pazia la dirisha la ofisi kuwapa ishara waliosimama nje. Nilipolisoma jambo hilo nililiwaza soko letu. Hapa Kongowea, dalali anayejua saa mbili kabla ya wenzake kwamba malori ya mahindi yamezuiliwa mpakani Lunga Lunga hupata kwa asubuhi moja faida ambayo muuzaji wa kawaida huitafuta mwezi mzima, na wala hahitaji pazia, simu inamtosha. Wamarekani walichukua hatua ya kuufunga mlango ule, na hawajaufungua tena.

Ripoti yenyewe, kwa sura iliyo nayo sasa, imekuwapo tangu mwaka 1973. Mwaka uliotangulia Muungano wa Kisovieti ulikuwa umenunua nafaka za Marekani kwa wingi mno na kimyakimya, kampuni hii haijui kampuni ile imeuza kiasi gani, na bei za vyakula zikapanda kabla watu hawajaelewa kilichotokea.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote uko mwishoni kabisa, na naamini wasomaji wengi hawaufikii. Ni jedwali la kutegemeka kwa makadirio. Hapo wizara huorodhesha, zao kwa zao, makadirio ya mwezi kama huo katika miaka mingi iliyopita yalitofautiana vipi na hesabu ya mwisho, tofauti kubwa kabisa ilikuwa ipi, ndogo kabisa ipi, na ni miaka mingapi walikadiria juu na mingapi walikadiria chini. Nimefanya biashara na wasagishaji, wasafirishaji na mawakala wa forodha, na sijapata kuona hata mmoja akiniletea ankara yenye karatasi nyuma inayosema makosa yake ya miaka iliyopita ni haya. Nikisoma kwamba makadirio ya Mei ya akiba ya ngano hupotoka zaidi kuliko ya Novemba, najua niyape uzito gani, na najua niweke fedha kiasi gani juu yake. Kwangu mimi ukurasa huo peke yake unaipita thamani ya ushauri wote niliowahi kuulipia.

Wako wanaodhani kwamba wanauchumi hawa ndio waamuzi wa sera ya kilimo ya Marekani. Sivyo. Bunge ndilo hutunga sheria ya kilimo, na wanauchumi hupima. Idara ya utafiti wa uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1961 kurithi kazi za ofisi ya uchumi wa kilimo ya mwaka 1922, imejiwekea desturi ya kutopendekeza sera yoyote. Hueleza tu kwamba ukifanya hivi, gharama yake ni hii, atakayefaidi ni huyu na atakayeumia ni yule. Ndiyo inayokadiria mapato ya wakulima mara tatu kwa mwaka, na ndiyo iliyohesabu kwamba katika kila dola moja ambayo Mmarekani hutumia kwa chakula kilichozalishwa nchini mwake, mkulima huambulia senti 15 hivi, na nyingine zote huishia kwa wasindikaji, wasafirishaji, maduka na mikahawa. Ningetamani sana kuiona hesabu kama hiyo ya bofulo moja linalouzwa Majengo au ya sahani ya mbaazi za nazi.

Hata hivyo nambari zenyewe zina nguvu ya sheria, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Katika programu yao moja ya kumkinga mkulima dhidi ya kuanguka kwa bei, sheria huweka bei ya marejeo ya kila zao. Kwa mahindi, sheria ya mwaka 2018 iliiacha kwenye dola 3.70 kwa busheli, na sheria ya Julai 2025 ikaipandisha hadi dola 4.10. Busheli ya mahindi ni kilo 25.4, kwa hiyo kwa gunia letu la kilo 90 hizo ni takriban dola 13.11 na dola 14.53. Idara ya takwimu za kilimo hukusanya bei ambazo wakulima walilipwa kwa msimu mzima na kutoa wastani wake, na wastani huo ukiwa chini ya kiwango kilichowekwa, serikali hulipa tofauti kwa sehemu kubwa ya ekari zilizosajiliwa. Hakuna anayesubiri hotuba ya mtu jukwaani. Ndiyo maana ofisi za fedha huko hufuatilia ripoti ya kila mwezi kwa makini, kwani bei inayokadiriwa leo ni deni la hazina la mwaka kesho, na makadirio ya miaka 10 ambayo ofisi ya Mwanauchumi Mkuu huyaratibu huingia moja kwa moja katika bajeti ya rais.

Nieleze sasa nilivyoifikia huduma hii, maana niliifikia baada ya kuumia.

Machi 2022, baada ya vita kuzuka Ukraine, bei ya ngano katika soko la Chicago ilipita dola 12 kwa busheli. Kenya hununua sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na karibu yote huteremshwa hapa Kilindini, kwa hiyo habari hiyo haikukawia kufika Kongowea. Mwezi wa Mei alikuja dukani dalali mmoja tuliyemwamini, akaketi, akanywa kahawa, akaapa kwamba kabla ya Agosti unga wa ngano utakuwa umepanda mara mbili na kwamba ana habari kutoka kwa watu wakubwa. Tulikopa, tukanunua unga tukaujaza mpaka ule uchochoro wa nyuma ambao kawaida huwekwa magunia matupu. Mwezi Julai Urusi na Ukraine zilitia saini mkataba wa kupitisha nafaka katika Bahari Nyeusi, na kufikia mwisho wa mwezi huo bei ya Chicago ilikuwa imeshuka hadi kwenye dola 8 hivi. Rejareja hapa haikushuka haraka, lakini haikupanda alivyoapa. Unga nao hauvumilii joto la unyevunyevu la Mombasa. Nakumbuka asubuhi niliyofungua mfuko wa safu ya chini nikachota kiganja kimoja, nikakiweka juani kwenye ngazi ya mlango, na baada ya dakika chache unga ule mweupe ukaanza kusogea wenyewe kwa fukusi. Tuliupeleka kwa wafugaji wa kuku kwa bei ya kutupa.

Nilipoanza kuisoma ripoti nilirudi nyuma nikalisoma toleo la Mei 2022, ile Mei ya dalali wetu. Halikuwa limesema bei itashuka, na sitaki kulipa sifa lisilostahili. Lilikuwa limesema akiba ya ngano ya dunia itapungua. Lakini lilisema pia jambo ambalo hakuna aliyenieleza, kwamba takriban nusu ya akiba yote ya ngano duniani iko Uchina, yaani ni akiba isiyotarajiwa kuja kupakuliwa Kilindini wala bandari nyingine yoyote, na matoleo ya miezi ile yalitahadharisha wazi kuwa vita vimeyafanya makadirio ya eneo la Bahari Nyeusi kuwa na mashaka makubwa. Kama ningekuwa nimesoma kwamba waliofungiwa chumbani na takwimu zote za dunia wanakiri kuwa na mashaka, nisingelipokea neno la mtu aliyekuwa na uhakika kwenye kiti cha plastiki.

Kasoro za huduma hii zipo, na anayeitumia kutoka huku anapaswa kuzijua kabla hajaitegemea.

Ya kwanza ni kwamba Kenya haimo katika majedwali yake kwa jina. Katika ngano utaziona Misri na jirani zake zikiwa kundi moja la Afrika Kaskazini, utaiona Nigeria, na sisi tumezamishwa katika jumla ya dunia. Nambari zetu zipo katika hifadhidata ya wizara hiyohiyo, tena zinarudi nyuma hadi mwaka 1960, pamoja na ripoti ya nafaka inayoandikwa na ofisi yao ya Nairobi, lakini inabidi mtu azitafute mwenyewe. Ya pili inatugusa zaidi: mahindi yote huwekwa kapu moja. Sehemu kubwa kabisa ya mahindi ya Marekani ni ya njano, ya kulisha mifugo na kutengenezea ethanoli, ilhali sima yetu ni ya mahindi meupe, ambayo soko lake duniani ni dogo na wauzaji wake ni wachache, Afrika Kusini na Meksiko miongoni mwao. Nimewaona watu wakifurahia habari za mavuno makubwa ya Iowa kana kwamba yatakuja kusagwa Changamwe. Mwenye kufuga kuku ana sababu ya kufurahi. Mwenye kuuza unga wa sima aangalie zaidi mvua za Tanzania, Uganda na Bonde la Ufa.

Kasoro ya tatu si ya ripoti bali ya matumizi yetu. Bei zake ni za dola, na duka langu ni la shilingi. Katika mwaka 2023 bei ya ngano Chicago iliteremka, nami nikawaahidi wateja nafuu, nafuu ambayo haikuja, kwa kuwa katika mwaka huohuo shilingi ilidhoofika kutoka takriban 123 kwa dola hadi karibu 157. Juu ya hapo kuna ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa wasagishaji hupunguzwa hadi asilimia 10, kuna gharama za bandari, na kuna sharti la kununua kwanza ngano ya wakulima wa ndani. Tangu hapo, pembeni ya kila nambari ya ripoti naandika kwa kalamu bei ya dola ya siku hiyo.

Iko pia kasoro ya nne, na hii ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko nyingine, nayo ni kukatika. Serikali yao ilipofungwa kwa kukosa bajeti, ripoti ya Oktoba 2013 haikutolewa, wala ya Januari 2019, wala ya Oktoba 2025. Jioni ile ya Oktoba niliketi na simu yangu kama kawaida na hapakuwa na kitu. Tena mwaka 2019 idara ya utafiti wa uchumi ilihamishwa kutoka Washington kupelekwa Kansas City, na zaidi ya nusu ya waliotakiwa kuhama hawakwenda. Watu waliokuwa wameifuatilia bei ya maziwa au madeni ya wakulima kwa miaka 20 waliondoka na waliyoyajua. Jengo hujengwa kwa mwaka, ila mtu anayejua ni kwa nini nambari ya mwaka 1996 iliandikwa vile huchukua nusu ya umri wake wa kazi. Huduma ninayoisifu hapa inaishi ndani ya watu wa namna hiyo, na nawaombea waachwe wafanye kazi yao.

Swali ambalo wateja huniuliza ni kwa nini nasoma hesabu za Wamarekani na si zetu. Wanaouliza hivyo hukosea, kwa maana zetu nazisoma pia. KNBS, shirika letu la taifa la takwimu, hutoa takwimu za mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi bila kukosa, na katika hilo naipa heshima ileile ninayoipa ripoti ya Washington, kwa kuwa siku inajulikana na mtu hajiulizi kama nambari imecheleweshwa kwa sababu haipendezi. Utafiti wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, uliozifuatilia kaya zilezile za wakulima tangu mwaka 1997, ndio uliotuonyesha kwamba wakulima wadogo wengi nchini hununua mahindi mengi kuliko wanayouza. Mtu akiisha kulielewa hilo, kila tangazo la kupandisha bei ya gunia kwa jina la mkulima mdogo hulitazama kwa jicho jingine, kwa kuwa mama wa Ganze anayelima ekari moja na kumaliza chakula mwezi wa pili yuko upande wa wanunuzi pamoja na sisi wa mjini.

Upungufu wetu naona uko kwenye mpangilio, yaani hesabu na uamuzi, kipi kinatangulia. Mwishoni mwa mwaka 2018 bei ya serikali ya kununua gunia la mahindi ilitangazwa kuwa shilingi 2,300, malalamiko yakatoka Bonde la Ufa, na mapema mwaka 2019 ikawa shilingi 2,500. Novemba 2022 ilitangazwa nia ya kuingiza magunia milioni 10 ya mahindi bila ushuru, ambayo ni tani 900,000, wakati wakulima wa North Rift wakiwa shambani wanavuna. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalipigwa marufuku kwa ajili ya sumukuvu, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti. Huenda kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, na sumukuvu huua watu kweli. Lakini mwenye duka alizisikia habari hizo redioni, bila jedwali la akiba mbele yake linaloonyesha nchi ina magunia mangapi, yanatosha mpaka mwezi gani, na waliohesabu walikosea kwa kiasi gani mwaka jana. Wanauchumi tunao, KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, wapo tangu mwaka 1997, wizarani wapo na katika kaunti wapo. Ninalolitaka kwao ni tarehe moja ya kila mwezi, saa moja inayojulikana, na ule ukurasa wa mwisho.

Nimejaribu pia huduma za hapa nchini za kutangaza bei za masoko kwa simu. Moja, ambayo sitaitaja, iliwahi kunionyesha bei ya gunia la maharagwe ya soko hilihili nililoketi ndani yake, na nilipotoka nje kuuliza vibanda saba mfululizo, hakuna aliyekuwa ameuza kwa bei hiyo wiki hiyo wala iliyotangulia. Niliandika kuuliza nambari ile imekusanywa lini na nani. Sikujibiwa. Mtu akikosea nambari namsamehe, lakini nambari isiyo na tarehe wala mwenyewe siwezi kuiweka dukani.

Kwa atakaye kuanza kuitumia ripoti hii, ushauri wangu ni mfupi. Jiandikishe uletewe kwa barua pepe, uchapishe ukurasa wa ngano wa dunia peke yake, upige mstari chini ya akiba ya mwisho, kisha ulinganishe na ukurasa huohuo wa mwezi uliopita. Fanya hivyo miezi sita kabla hujatoa hata shilingi moja kwa sababu yake. Lugha yake ni Kiingereza kikavu cha kihasibu, ila maneno yake hayabadiliki, na ukiyajua 30 umeijua ripoti nzima. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu ya mahindi meupe na ya jioni zile tatu ambazo haikuja.

Toleo lililopita lilinikuta na mgeni. Bibi mmoja apikaye mahamri Kisauni, mteja wetu tangu enzi za marehemu baba, alikuwa amekuja kuchukua unga wa juma. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wasemaje leo hao Wamarekani wako? Ninunue mifuko mitano niweke, au niache?" Zamani ningemjibu kwa uhakika, niuze mitano. Nikamsomea mstari wa mwisho, nikamweleza kwamba akiba haijasogea sana tangu mwezi uliopita, na kwamba wenyewe wameandika mwezi kama huu wamewahi kukosea juu na chini. Akafikiri kidogo akiwa ameshika fundo la leso yake penye pesa. "Basi nipe miwili," akasema, "na mwezi ujao unisomee tena."